Mguu wa Masanja Unaruka, Lakini Hatatembea

Haya sijamwambia mtu yeyote, hata mama yangu mzazi. Ninajua kwamba Masanja hatatembea tena, na mchumba wake hajui.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba. Nimemaliza shule juzijuzi, na sasa ni msaidizi katika chumba cha mazoezi ya viungo, hospitali moja hapa Shinyanga. Kusema mbele za watu kunanishinda, ndiyo maana ninaandika. Majina nimeyabadilisha.

Masanja aliangukiwa na kifusi ndani ya shimo la dhahabu huko Geita, akaumia uti wa mgongo. Kila asubuhi ninamkunja na kumnyoosha miguu. Ni mtu wa utani. "Dada, nikikupiga teke usilie," huniambia.

Baba wa mchumba wake alikwisha sema atarudisha ng'ombe wa mahari ili binti aolewe kwingine. Kisha siku moja nikauachia mguu wa kushoto, ukaruka wenyewe. Mama yake Masanja alipiga vigelegele, wodi nzima ikageuka. "Umeona, ng'wanone!" akaniita mwanawe kwa Kisukuma. "Mwanangu anapona!" Siku hiyohiyo akatuma habari kijijini Samuye kwa wakwe: ng'ombe wakae, harusi ni baada ya kuvuna pamba.

Mkubwa wangu wa kazi aliniita pembeni. "Ile ni misuli inajirusha tu. Hatatembea. Lakini hilo ni la daktari kusema, wewe funga mdomo."

Jumapili Kabula, huyo mchumba, alileta maziwa ya mgando. Tu rika moja. Alinifuata uani nikifua mashuka.

"Atatembea?"

"Muulize daktari."

"Anasema tutaona. Wewe ndiye unayeishika miguu yake. Mwenzangu, niambie."

Niliinama nikakamua shuka lililokwisha kamuliwa. Kabula akasema taratibu, "Basi nitamwambia baba tunaendelea."

Nikisema, huenda akaondoka, na Masanja ataujua ukweli siku anayoachwa. Nikinyamaza, Kabula ataolewa gizani. Labda angemtaka hivyohivyo, lakini hakuna aliyemuuliza.

Pamba imeanza kupasuka mashambani. Dada zangu, kaka zangu, nimwambie au ninyamaze? Na wewe wa Samuye utakayetutambua, nakusihi, liweke moyoni. Kabula asije akalisikia kisimani, ndoo ikiwa kichwani, watu wakimtazama.