Jerikani Lisilojaa

Kila mtu katika kijiji cha wakimbizi cha Kashojwa alilijua lori lililovunja mguu wa Kalume, ingawa hakuna aliyewahi kuliona. Lilikuwa lori la ndizi. Lilitokea konani bila kupiga honi, likamsukuma mtaroni yeye na pikipiki yake, na maziwa ya watu yakamwagika. Ndivyo Kalume alivyosema akiwa kitandani hospitalini, na ndivyo shemeji yake, Pélagie, alivyolieleza kanisa Jumapili iliyofuata, amesimama wima mbele ya watu, kwa sauti yake ya ualimu. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena. Nyumba ya Mwalimu Joël haikuwa nyumba ya kuulizwa mara mbili.

Joël alikuwa kaka yake Kalume. Walitoka Kivu ya Kusini pamoja, wakalala wiki sita kwenye kituo cha kupokelea wakimbizi cha Kabazana wakisubiri kupimiwa kiwanja, kisha wakajenga Kashojwa. Joël alifundisha, akaongoza kwaya, akaandika barua za watu wasiojua kuandika. Homa ilipomchukua alimwacha Pélagie na binti mmoja, Munezero, mwenye miaka tisa. Pélagie naye alikuwa mwalimu. Hakurudi kwa wazazi wake wala hakuolewa tena. Alipiga pasi nguo za mtoto kwa makaa, akafundisha, akahakikisha kwamba jina la marehemu linatajwa vizuri popote linapotajwa.

Kalume ndiye aliyemtia wasiwasi. Alikuwa na miaka ishirini na minne na pikipiki ya kukopeshwa na Rwakabuba, Mnyankore, mwenyeji wa nchi ile, mwenye kituo cha maziwa mjini Mbarara. Kila asubuhi alikusanya maziwa ya wafugaji wa kanisani, mzee Yonatani akiwa wa kwanza, akafunga majerikani mawili makubwa ubavuni mwa pikipiki na kuondoka. Hadi kwenye lami alikuwa mchukuzi wa maziwa. Kwenye lami aligeuka kitu kingine. Wachukuzi wenzake walimsubiri pale kwenye kona ya kwanza, injini zikinguruma, na kutoka hapo hadi milango ya mji ilikuwa ni mbio, kati ya magari, mbuzi na watoto wa shule. Walimwita Bwana Kona. Hakuna aliyempita kwenye kona.

Siku moja alitokea kijana wa Bwizibwera mwenye pikipiki mpya, akampita. Siku ya pili akampita tena, akamwonyesha mgongo wa kiganja. Siku ya tatu Kalume alisimama peke yake nyuma ya kichaka kabla ya lami, akafungua majerikani yote mawili, na akafanya jambo ambalo watu wa kwao hawalifanyi hata mbele ya adui. Alimwaga nusu ya maziwa chini. Alitaka awe mwepesi.

Miongoni mwa wafugaji hao hakuna anayetuma chombo cha maziwa kikiwa nusu. Kama ng'ombe hawakutoa ya kutosha, unatafuta chombo kidogo zaidi ukijaze. Chombo nusu ni tusi kwa anayepokea na aibu kwa anayetuma. Kwa hiyo Kalume hakuwahi kujua maziwa nusu hufanya nini ndani ya jerikani. Alijua siku hiyo. Alipoilaza pikipiki konani, maziwa yote yalikimbilia upande mmoja kama mtu anayeruka, yakaivuta pikipiki, na lami ikampokea. Hapakuwa na lori. Hapakuwa na gari lolote.

Miaka kumi na moja ilipita. Mguu uliungwa vibaya, ukawa mfupi. Kalume aliacha pikipiki, akafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli karibu na Base Camp, penye ofisi za kambi, na akiwa pale, mikono imejaa grisi, alianza kuwatazama wengine wakipita. Angemtazama mara moja tu mtu akipanda kilima na kukuambia atachokea wapi. Rwakabuba alisikia habari hizo. Alikuwa ameanza kuingiza timu katika mashindano ya baiskeli za maziwa, ambayo kila mwendeshaji hubeba majerikani mawili yaliyopigwa muhuri kutoka Bwizibwera hadi Mbarara. Alikuja hadi kibandani.

"Ssebo, bwana, mimi nataka kichwa yako," alisema. "Miguu niko nayo mingi."

Hivyo Kalume akawa mpangaji wa timu ya vijana watatu: Nkusi, Niyonshuti na Munezero, ambaye sasa alikuwa na miaka ishirini na mapaja ya mtu anayechota maji mbali. Aliwachorea barabara nzima kwenye karatasi za kalenda, kona kwa kona. Aliwafundisha nani akate upepo na nani ajifiche nyuma, wakati gani wanywe maji, wakati gani wamwache mpinzani aende zake. Aliyejisifu aliambiwa asukume baiskeli kwa miguu hadi nyumbani. Na alichokazia kuliko yote ni mzigo: kila siku walifanya mazoezi na majerikani yaliyojazwa maji hadi mdomoni.

Pélagie alikubali binti yake ashiriki kwa sharti moja tu. Alimwita Kalume barazani, akamkalisha kwenye kiti cha marehemu.

"Shemeji, huyu ndiye mtu Joël aliniachia. Umutoe hapa muzima, umurudishe muzima."

"Nitamurudisha, Mama Munezero."

"Ama utajaribu tu?"

"Hapana. Nitamurudisha."

Siku ya mashindano walifika Bwizibwera saa mbili asubuhi. Nusu ya kanisa ilikuwa imekuja kwenye gari la Rwakabuba, mzee Yonatani akiwa mbele na fimbo yake, Pélagie amevaa kitenge cha Krismasi. Waandaaji walikuwa tayari wameyajaza majerikani na kuyapiga muhuri. Kalume aliinama kukagua mzigo wa Munezero. Aligonga ubavu wa jerikani kwa kidole, chini, kisha katikati, kisha juu. Juu palilia kama ngoma.

Aligonga tena. Akahamia jerikani la pili, nalo likalia vile vile.

Alichechemea hadi kwenye meza ya waandaaji. "Mzee, haya majerikani hayakujaa."

"Lita kumi na mbili kati ya ishirini, kila moja," alijibu mwandaaji bila kuinua kichwa. "Mwaka jana yalimwagika mengi, kamati ikapunguza. Wote sawa."

"Yajazeni hata maji."

"Muhuri imepigwa, ssebo. Kama mnaogopa, toeni timu."

Rwakabuba alimvuta kando. "Wewe Kalume, mambo yako mingi. Mzigo mwepesi si ni muzuri?"

Kalume alikuwa tayari anauona akilini ule mteremko wa mwisho kabla ya mji, mrefu, wenye kona mbili zinazofuatana. Alikuwa amewafundisha watoto hawa kila kitu isipokuwa hicho kimoja, kwa sababu haikumpitia akilini kwamba kuna watu watakaotuma jerikani nusu. Zilibaki dakika ishirini.

Aliwakusanya. "Kwenye mteremko, mushike breki kuanzia juu. Mushuke polepole, kama mutu anabeba mayai. Bale bengine bapite tu."

Nkusi na Niyonshuti walitikisa vichwa. Munezero alicheka.

"Baba mudogo! Miezi sita unatuambia mbio inashindiwa kwenye mteremko. Leo unasema mayai?"

"Leo mzigo uko tofauti."

"Uko mwepesi! Mimi najua shida yako. Unaogopa juu ya lori yako." Alimshika bega kwa upendo, mbele ya watu. "Leo polisi bamefunga barabara. Hakuna lori. Nitapita fasi ile kama ndege, utaona."

Watu wa kanisa walicheka pamoja naye, na mmoja akasema kwa sauti, "Kweli, mutu akiumwa na lori anaogopa hata toroli!"

Kalume alisimama pale na mguu wake mfupi. Alimwona binti huyu tayari konani, amelala kama alivyolala yeye, bila hofu, kwa sababu alifundishwa kuogopa kitu ambacho hakikuwapo. Kama angesema tu "nisikilize", angeitika, na akifika juu ya mteremko angesahau. Alimjua. Alikuwa yeye mwenyewe wa miaka ile.

Alimtafuta Pélagie kwa macho. Alikuwa amesimama karibu na mzee Yonatani, shingo imenyooka, mkoba umebanwa kwapani. Miaka kumi na moja mwanamke huyu alilibeba lile lori mbele ya kanisa kama alivyolibeba jina la mumewe. Kalume akisema sasa, jina hilo litadondoka hapa, kwenye vumbi la Bwizibwera, mbele ya watu wote hawa. Pélagie alimtazama. Hakutikisa kichwa wala hakukunja uso. Alingoja.

"Hakukuwa lori," Kalume alisema.

Munezero aliendelea kutabasamu, akidhani ni utani.

"Sikia vizuri. Hakukuwa lori. Nilimwaga nusu ya maziwa porini ili nimushinde mutoto wa Bwizibwera. Jerikani ikabaki nusu. Kwenye kona maziwa ikakimbilia upande mumoja, ikanivuta. Ni maziwa ilinivunja mguu, Munezero. Iko namna ile ile wamekufungia hapa nyuma. Ukilala kwenye kona, itakuangusha. Hauwezi kuishinda. Mimi nilikuwa Bwana Kona na sikuishinda."

Mama mmoja aliweka mkono mdomoni. Mzee Yonatani aliikita fimbo chini.

"Uliimwaga?" aliuliza taratibu. "Maziwa yangu? Chini?"

"Niliimwaga, mzee."

Kipenga kilipulizwa kuwaita waendeshaji kwenye mstari. Munezero alimtazama baba yake mdogo, akamtazama mama yake, akapanda baiskeli.

Rwakabuba aliwachukua watu wa kanisa kwa gari, wakawatangulia waendeshaji hadi chini ya mteremko. Kalume alishuka, akasimama ukingoni mwa lami, na Pélagie akaja kusimama kando yake. Kutoka pale kona ya juu haikuonekana, ilifichwa na migomba. Mtu angetokea tu ghafla, au asingetokea.

"Shemeji," alisema Kalume. "Nisamehe. Jina la Joël..."

"Nilijua," alisema Pélagie, macho juu ya kona.

Kalume akageuka.

"Mimi ndiye nilikwenda kuchukua bidon zako za maziwa pale ulianguka. Zilikuwa zimefungwa. Nusu. Na barabara ilikuwa kavu." Alisogeza mkoba kwapani. "Nilizimwaga mwenyewe, nikaziosha, nikakuachia lori yako. Nilifikiri ninalinda nyumba. Sasa nyamaza, wanakuja."

Wa kwanza alitokea akishuka kwa kasi, kijana wa timu ya Bwizibwera. Baiskeli yake ilitikisika mara moja, akaidhibiti, akapita kama upepo. Wa pili akapita. Wa tatu alitokea amelala konani, na Kalume na Pélagie waliona nyuma ya baiskeli yake ikiruka kando kama imepigwa teke. Alitoka kwenye lami, akaingia kwenye majani marefu, akapotea. Watu walikimbia huko wakipiga kelele. Kalume alibaki ukingoni. Alikuwa anahesabu kwa sauti bila kujua. Arobaini. Hamsini. Pélagie alikuwa amemshika mkono wa shati, naye bila kujua. Nkusi alitokea, polepole, akapita. Niyonshuti akapita. Sabini. Themanini.

Ndipo Munezero alipotokea. Alikuwa amekaa wima kabisa, breki zikilia, mguu mmoja ukiburuta lami. Katikati ya kona ya pili majerikani yalimvuta, usukani ukayumba kushoto na kulia, na Kalume akafunga macho. Alipoyafungua, baiskeli ilikuwa inanyooka. Alipita mbele yao akiwa na midomo imekaza, machozi ya hasira mashavuni.

"Mayai yako haya!" alipiga kelele. "Yote nzima!"

Alimaliza wa tano. Kijana aliyeingia majanini alitolewa akiwa amevunjika mfupa wa bega, anaongea, na Kalume alikwenda kumsaidia kubebwa hadi garini.

Gari lilirudi Kashojwa jioni hiyo, na Jumapili Kalume aliketi benchi la nyuma, mahali pa waliowekwa chini ya nidhamu, kabla mtu yeyote hajamwambia. Mama mmoja alipogeuka kumtazama na kunong'ona na jirani yake, Pélagie aliinuka mbele, akapita katikati ya kanisa na kitenge chake cha Krismasi, akaenda kuketi kando ya shemeji yake. Munezero alimfuata.

Jumatatu alfajiri fimbo iligonga mlango wa kibanda. Mzee Yonatani alikuwa amesimama nje, na kwenye toroli yake kulikuwa na jerikani moja. Hakusalimia. Alifungua kifuniko, akamwonyesha Kalume maziwa yaliyofika hadi mdomoni, yakitetemeka bila kumwagika, akafunga tena.

"Peleka kwa Rwakabuba," alisema. "Nitamupigia simu nimuulize imefika namna gani."