Bondia Aliyekataa Kazi ya Ulinzi

Nilikuwa nyuma ya bondia wetu wa uzito wa juu katika soko la Kituku, kando ya ziwa, juma moja baada ya yeye kupigwa na kuzimia raundi ya pili. Hakuwahi kushindwa kabla. Jicho lilikuwa bado limevimba.

Mama muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, alimtazama kwa huruma. "Mutoto yangu, ngumi iache. Ukuwe sentineli, ulinde depo ya watu."

Bondia aligusa taya taratibu. "Hapana, mama. Ile mutu alinipiga na mukono ya kushoto. Sikujua kuikinga. Naenda kujifunza."

Alijifunza mwaka mzima. Waliporudiana, alilikwepa lile konde la kushoto likapita hewani, kisha akamlaza mpinzani chali.

Mimi, mwandishi wa michezo niliyeandika katika gazeti hili baada ya kipigo kile kwamba astaafu, nilishangilia mpaka sauti ikanikauka.