Nyumba Isiyo na Besi

Noti moja, soh ndefu ya ngazi ya do-re-mi, ilipenya ukutani usiku ulipokuwa ukiingia mtaani Mbotela, Nairobi. Alikuwa binti wa jirani, mwanafunzi wa muziki chuoni, akijiandaa kwa mtihani wa kuimba noti asizowahi kuziona. Baadaye mama yake aliniita kwa chai na maombi.

Familia hii ya kutoka magharibi mwa Kenya huimba wimbo wa maombi kwa sauti nne. Mama ni soprano, binti alto, baba tenor. Besi, sauti nzito ya chini kabisa, haina mtu. Ilikuwa ya kaka mkubwa, aliyegombana na baba akahamia mtaa wa Kayole, na tangu hapo jina lake halitajwi sebuleni.

"Baba, imba besi leo," binti aliomba. "Bila besi sikio langu linapotea. Kesho nitafeli."

"Mimi ni wa tenor."

"Basi jirani ajaribu."

Nilijaribu. Mama aliziba mdomo kwa leso, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Huyu ni mshairi," baba alisema. "Mwacheni na mashairi yake."

Wakaanza upya. Walipofika mahali ambapo besi huingia peke yake, wote walinyamaza, binti akigonga mapigo gotini. Chuoni wanafunza sikio kutambua kila sauti. Sijui kama wana somo la kusikia ile isiyokuwepo. Baba alikuwa amefumba macho, kidevu kikifuata noti ambazo hakuna aliyeziimba.

Mapigo yakaisha. Hakuna aliyeendelea.

"Mpigie simu," baba akasema.

"Nimpigie nani, Baba?"

Baba alifumbua macho.

"Wekesa."