Sista Barafu Hataki Ngozi Iliyopambwa

Ni saa mbili asubuhi katika chumba namba tatu cha kliniki ya ngozi. Muuguzi amefumba macho. Amevua glovu ya mkono wa kulia, na ncha ya kidole chake inapita polepole juu ya sikio la mwanamume aliyeketi mbele yake. Inashuka, inarudi, inasimama.

"Umefanya nini hapa?" anauliza bila kufumbua macho.

"Nimeoga tu, Sista."

"Kuoga gani huko kwa wembe?"

Mwanamume anakohoa. Mkewe, aliyeketi karibu na mlango na mkoba mapajani, anageuza shingo kumtazama. Inaonekana hilo la wembe ni geni kwake.

Mwanamume huyo ni fundi wa mabati. Ana ualbino, na tangu ujana wake amefanya kazi juu ya mapaa, mahali ambapo jua linampata lote bila kugawana na mtu. Muuguzi anayempapasa anajulikana na wagonjwa kama Sista Barafu, kwa sababu ya mtungi wa chuma unaokaa pembeni ya meza yake.

Ndani ya mtungi mna gesi ya nitrojeni iliyogeuzwa kuwa kimiminika, baridi kuliko barafu yoyote. Akifungua kifuniko, moshi mweupe unamwagika hadi sakafuni. Kazi yake ni kunyunyiza baridi hiyo juu ya madoa makavu, yenye magamba, ambayo jua huyaacha kwenye ngozi. Madoa hayo bado si saratani, ila yakiachwa, baadhi yake hugeuka. Yakigandishwa mapema, ngozi iliyoharibika hufa na kubanduka, na mpya huota chini yake.

Ukutani kuna bango lenye methali ya ufa na ukuta. Limebandikwa juu ya ufa halisi, na Sista Barafu anaapa kwamba hakuna aliyekusudia mzaha.

Ugumu wa kazi hii si kugandisha. Ugumu ni kulipata doa lenyewe, maana likiwa changa halionekani vizuri, ila ukilipapasa linakwaruza kama msasa. Na hapo ndipo wagonjwa wanapomtia muuguzi huyu wazimu, kwa sababu wanajipamba.

Ni watu waungwana, waliofundishwa kwamba mtu haendi mbele za watu akiwa mchafu. Alfajiri ya siku ya kliniki wanakwangua magamba kwa jiwe la kusugulia miguu, kwa kucha, kwa wembe, kisha wanajipaka mafuta ya mgando hadi wanang'aa. Wanafika wamependeza kama maharusi, na ushahidi wote umebaki kwenye beseni nyumbani.

"Kwa makadirio yangu, saba kati ya kumi huja wamejikwangua," anasema. "Ni kama umemwita fundi bomba, halafu unapiga deki kabla hajafika ili asikuone mchafu. Sasa atajuaje panapovuja?"

Lakini leo kidole kimesimama kwa sababu nyingine. Chini ya ngozi iliyokwanguliwa mna kitu kigumu, mfano wa punje ya mahindi iliyofukiwa. Anapokibana kidogo, fundi anaruka.

"Kinauma tangu lini?"

"Hakiumi."

"Umeruka kwa furaha?"

Mke anacheka, kisha anaacha.

"Piga moshi wako, Sista, mimi niende," fundi anasema. "Kuna paa linanisubiri, na mwenye nyumba ana mdomo."

Sista Barafu anaunyoshea mtungi mkono. Anaufunga.

"Hiki sikigandishi," anasema. "Doa jembamba nalipiga baridi. Hiki kina mizizi. Nikikipiga, juu patapona vizuri kabisa, hata utaniletea zawadi. Chini kitaendelea kula kimya kimya. Siku utakayorudi huna sikio, au hurudi kabisa. Akikate daktari, kikapimwe."

Chumba kinapoa kuliko mtungi. Mwandishi wa makala haya alitamani kutoka nje, lakini mlango ulikuwa umezibwa na mke wa fundi, ambaye sasa amesimama.

"Baba watoto, umekwangua hapo tangu lini?"

"Tangu ile mvua kubwa."

"Na mimi nakuuliza kila siku mto una damu kwa nini, unaniambia mbu!"

"Mficha uchi hazai," anasema Sista Barafu.

"Mimi nimezaa wanne," anajibu fundi, akijaribu kutabasamu.

"Haya. Basi mficha maradhi. Malizia mwenyewe."

Fundi hakumalizia. Wala mkewe.

Siku hiyohiyo daktari wa chumba cha jirani alimkata kipande kidogo cha sikio, kikapelekwa maabara. Fundi aliambiwa arudi baada ya wiki mbili kuchukua majibu. Aliondoka na bandeji chini ya kofia, akitembea hatua kadhaa mbele ya mkewe kama mtoto aliyeharibu kitu cha watu.

Sista Barafu anaijua vizuri tabia ya kuficha, kwa sababu ilianzia kwao. Mjomba wake, mwenye ualbino, alikuwa akiuza magazeti kando ya barabara. Mwaka mmoja alianza kujifunga skafu shingoni, iwe joto, iwe baridi.

"Sisi watoto tukamtania, eti mjomba ana maringo," anasema, na anashika shingo yake mwenyewe. "Alipoivua, kidonda kilikuwa kimeshamaliza kazi. Alikuwa mchekeshaji wa ukoo mzima. Mpaka leo namkasirikia, na mpaka leo namlilia."

Wiki mbili zikapita. Siku ya majibu, fundi hakuja.

Karatasi ya maabara ilikuwa mezani tangu asubuhi. Sista Barafu alipiga simu, ikaita hadi ikakata. Akapiga tena, ikawa imezimwa. Foleni nje ilikuwa ndefu, na ile nitrojeni, uitumie usiitumie, hupungua yenyewe hewani, kwa hiyo hakuweza kuondoka. Aligandisha madoa ya watu mmoja baada ya mwingine, na baada ya kila mmoja alichungulia benchi la nje. Alipomaliza mgonjwa wa mwisho alivaa kofia na kutoka. Mke wa fundi alikuwa ameshamwelekeza kwa simu lilipo lile paa.

Fundi alikuwa juu, amekaa kwenye ukingo wa mabati mapya, jua la mchana likimpiga mgongoni.

"Fundi!" muuguzi aliita.

Nyundo ilinyamaza. Wenzake waliokuwa wakichanganya zege wakashangilia.

"Leo umepatikana, Fundi! Mke mdogo huyo, na viatu vyeupe!"

Fundi hakucheka. Hakushuka pia.

"Sema hapohapo, Sista."

"Siri yako siipigii kelele. Shuka."

"Nikishuka utaniambia."

"Ndiyo. Nitakuambia."

Hakusogea. Wale vijana wa zege wakaacha utani, mmoja akaegemea koleo lake. Sista Barafu akaweka mguu kwenye ngazi, akaishika kwa mikono miwili.

"Basi napanda mimi. Na naogopa urefu tangu nizaliwe. Nikianguka, wanangu utawalea wewe."

Alikuwa kwenye kipago cha tatu, macho ameyakaza ukutani, fundi alipoanza kushuka kumzuia.

Walisimama nyuma ya mifuko ya saruji, pasipo na mtu wa kuwasikia. Haya yaliyosemwa pale, fundi mwenyewe ameruhusu yaandikwe.

"Ni saratani," alimwambia. "Lakini bado haijasambaa. Daktari anaitoa yote wiki hii, na anategemea itakuwa imekwisha. Ukiikwangua miezi mingine, hapo siwezi kukuahidi kitu."

"Nilijua," fundi alisema. "Nikasema nimalize paa kwanza, nisiwaachie watu nyumba wazi."

"Na watu wako nao? Nyumba yao ungeiachaje?"

Fundi alipeleka mkono sikioni.

"Na sikio?"

"Litapungua pembeni. Litabaki la kutosha kumsikiliza mkeo."

Fundi alicheka. Kisha akalia, amesimama wima, mikono ikining'inia, na Sista Barafu akakaa naye pale hadi alipomaliza. Paa lile lilimaliziwa na wenzake.

Upasuaji ulifanyika wiki ileile, na kipimo cha pili kilionyesha kwamba hakuna kilichobaki. Tangu hapo Sista Barafu ana mpango mpya, na safari hii hauhusu mtungi. Anataka kuwafundisha vinyozi.

"Nani hushika sikio la mwanamume mara kwa mara? Si mke wake, ni kinyozi," anasema. "Wawili wameshakubali. Nataka kila kinyozi mtaani ajue kupapasa, na akikuta msasa amlete kwangu, na kama mtu hataki, amvute."

Siku ambayo fundi amerudi kukaguliwa, anakaa kwenye benchi la nje akiwa na kofia pana. Mikono yake haijapakwa kitu, inakwaruza kama gome. Pembeni yake ameketi dada mmoja mwenye ualbino, mara yake ya kwanza kliniki. Dada anageukia ukuta, anatoa kikopo cha mafuta ya mgando na kipande cha jiwe.

"Rudisha mkobani, dada yangu," fundi anamwambia.

"Nimetoka nyumbani haraka, sijajitengeneza."

Fundi anavua kofia na kumgeuzia upande wa sikio lililopunguzwa.

"Mimi nilijitengeneza."

Dada anatazama kwa muda. Kikopo kinarudi mkobani, jiwe nalo. Mlango wa chumba namba tatu unafunguliwa, Sista Barafu anaita anayefuata, na dada anaingia na magamba yake yote.