Jiwe Chini ya Kiti

Mimi ndiye niliyelitoa lile jiwe. Nimekana kwa miaka mingi mbele ya baba, mbele ya kaka zangu, na mara moja mbele ya mchungaji ambaye hata hakuwa ameniuliza.

Gari la baba lilizeeka pamoja nasi. Breki ya mkono ilikufa kabla sijaanza shule, na kwa kuwa Marangu hakuna mahali tambarare pa kuweka hata kitanda, tulitembea na jiwe. Baba akisimama, mtoto anaruka na kuzuia gurudumu. Mtoto huyo nilikuwa mimi.

Siku mwenye bucha wa Njoro alipokuja kulinunua gari, niliamka mapema nikaliosha mpaka ndani. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na tayari nilijali mno watu watasema nini, ugonjwa ambao chuo kikuu kiliuzidisha tu. Niliona aibu mgeni wa mjini akute jiwe lenye tope ndani ya gari la mwalimu. Nikalitupa nyuma ya ua wa mimea ya masale.

Sikujua kwamba baba angemweleza kila kitu: rejeta inavuja, mlango wa kushoto hufunguka kwa nje tu, breki ya mkono ni pambo.

"Ila jiwe lake liko chini ya kiti," alisema. "Usisimame mteremkoni bila jiwe."

"Mwalimu," yule bwana akacheka, "unaniuzia au unanifukuza?"

Akapanda bila kuchungulia chini ya kiti. Nilifungua kinywa, nikamtakia safari njema.

Walikubaliana kwamba angepiga simu akifika Kiboriloni. Kama mwendo haukumridhisha, angelirudisha gari kesho yake. Mchana ule tulikaa kwenye duka lenye simu. Baba alizungumza habari za kahawa na mwenye duka. Mimi niliteremka kilima baada ya kilima kichwani, na kwenye kila kilima nilimwona yule bwana amesimama mbele ya gari na kopo la maji, ameinamia rejeta, na gari linaanza kumjia. Baba aliniuliza kama naumwa. Nikasema nina njaa. Akaninunulia andazi, ikabidi nilile.

Hatimaye simu ikalia. Mwenye duka akampa baba, lakini yule bwana alipaza sauti hata sote tukamsikia. Amefika. Njiani alishuka kuweka maji, akapapasa chini ya kiti, hakuna kitu, na gari likamburuta hadi kwenye migomba ya watu. Amechubuka goti, na mwenye migomba amemtukana kwa Kichagga, lugha ambayo anashukuru kwamba haijui.

Baba alinitazama. "Jiwe lilikuwemo?"

"Lilikuwemo, baba."

Akayarudia maneno yangu kwenye simu, neno kwa neno.

"Basi limedondoka njiani," yule bwana akasema. "Mtu aliyenitajia mpaka mlango mbovu hawezi kunificha jiwe. Gari nimelichukua, Mwalimu."