Anayewaitikia Wafu

Kitu cha kwanza nilichokitunga kwa akili yangu mwenyewe kilimnyima mjane maharagi kwa miezi mitatu. Nalisema mapema, maana watu wakianza kunisifia ujuzi wangu wa kompyuta natamani kuwaziba midomo.

Nilikuwa nimesoma informatiki Goma miaka mitatu, kisha vita vikanirudisha kwetu Masisi na kompyuta moja, kipande cha sola na kiburi tele. Karibu na Kirolirwe kulikuwa na kambi ya waliokimbia makwao, na kamati yake ikaniomba nisaidie siku za mgao wa chakula. Orodha ya watu ilikuwa kwenye daftari la katekista mmoja mzee wa Nyamitaba, ambaye miwani yake ilishikiliwa na uzi. Aliita majina moja moja, polepole, mvua inyeshe isinyeshe. Aliyekufa hakumfuta. Alimchorea msalaba kando ya jina, na mwezi uliofuata akamwita tena pamoja na wazima, akingoja mpaka jirani yake aitikie, "Amepumzika." Ilinikera sana. Tunawaita wafu huku walio hai wanalowa!

"Papa, hawa tusiwafute tu?" nilimwuliza.

"Huku hatufutaka muntu," alisema. "Tunamuwekeaka tu musalaba. Ukimutosha mule, ukimuondoa, mustari inaharibika."

Nilicheka kimoyomoyo. Tablo ya kawaida, yaani orodha yenye namba ambayo kila mwanafunzi wa kompyuta huijua, ingetosha kabisa kuweka majina yale. Lakini nilitaka ionekane kwamba nimesoma. Nikatunga kitu changu mwenyewe, programu ndogo, nikakiita Mstari, nikakifundisha kujiendesha kama watu waliopanga foleni. Ukikiuliza mko wangapi, kinajibu. Ukitaka mtu wa themanini na saba, kinamtoa. Ukikiambia tupitie wote, kinaanza na wa kwanza, kinamtaja aliye chini ya kidole chake, kinasogeza kidole, kinaangalia kama bado kuna mtu, hivyo hivyo mpaka mwisho. Nilikiongezea na ustadi wangu: jina likiitikiwa "Amepumzika", nabonyeza kitufe, marehemu anatoka papo hapo, na walio nyuma yake wanasogea kuziba pengo. Siku kilipotembea mara ya kwanza nilifurahi, Mungu anisamehe, kuliko siku ya diploma yangu.

Siku ya mgao katekista alisoma majina kwenye kioo cha kompyuta, mimi nikabonyeza. Kabla ya saa sita tulikuwa tumemaliza. Watu walinipigia makofi. Akabaki mama mmoja wa Buleusa, kule Walikale, mjane aliyekuwa analea wajukuu wawili. Alisimama mbele yangu na mfuko mtupu.

"Jina yangu haukuisoma, mutoto wangu."

Nikakiuliza kitu changu kwa namba yake. Jina lilikuwepo.

"Mama, uko ndani. Na nilikusikia kwa masikio yangu ukiitika."

"Niliitikia shemeji yangu. Yeye njo alikufa. Mimi haukuniita."

"Mashini haina ubaya na muntu, Mama," nikamwambia, nikaifunga kompyuta. Nyuma yetu mtu akasema huyu mama anataka kuchukua mara mbili. Nilisikia, nikanyamaza. Naona aibu kwa neno lile la mashini, lakini naona aibu zaidi kwa kunyamaza.

Mwezi wa pili akarudi na mfuko wake, jambo likawa lile lile. Wa tatu vilevile. Wengine waliolalamika walikuwa na sauti kubwa na vijana wa kuwasemea, kwa hiyo waligawiwa mabaki. Yeye hakujua kupiga kelele. Baada ya mgao wa tatu aliwaacha wajukuu kwa jirani, akabeba jembe kurudi Buleusa kuchimba muhogo wake, ingawa sote tulijua kule wanapigana.

"Muhogo yangu haiulizake jina," aliniambia akipita.

Wiki ile ile katekista alikuwa anafuta miwani, akasema kama anaongea na miwani yenyewe: "Binti, wale wanaitikiaka wafu, njo wanakosaka maharagi."

Nilikasirika, halafu nikaogopa. Nikaandika maneno matano: maharagi, muhogo, viazi, mahindi, ndizi. Nikakiambia kitu changu kiyapitie, na kilipofika kwenye muhogo nikautoa. Kikataja mahindi, kisha ndizi. Viazi havikutajwa. Muhogo ulipotoka, viazi vilisogea vikakaa pale pale chini ya kidole, na kidole kikaenda mbele. Ukiviomba kwa namba, vimo. Ukipita, vimerukwa.

Watu wa Buleusa walijiandikisha pamoja kama walivyokimbia pamoja, na kuhara kulikuwa kumeingia kwenye safu yao ya mahema. Anayefuata nyuma ya marehemu ni jirani yake, na jirani ndiye anayemwitikia. Kila mwezi aliyetangulia jina la yule mama alikufa, naye akamwitikia, nami nikamlaza njaa kwa kazi hiyo. Mdharau mwiba mguu huota tende, wanasema. Lakini mguu haukuwa wangu.

Kurekebisha kulichukua mistari mitano ya programu: usimtoe mtu, mwekee msalaba. Wafu niliokuwa nimewatoa nikawarudisha kutoka daftari la mzee, kila mmoja na msalaba wake. Nilimpa ujumbe mfanyabiashara wa Butembo aliyekuwa anapeleka chumvi Walikale, amwambie mama arudi, jina lake litasomwa. Alirudi na chumvi yake, barabara ilikuwa imefungwa.

Mgao uliofuata katekista akasoma jina lake. "Iko mu njia," nikaitikia mimi, na maharagi yakaenda kwa wajukuu. Mwezi uliofuata nikaitikia hivyo hivyo, kwa sauti zaidi.

Mwezi wa tatu walifika watu waliokimbia Buleusa. Walikuwa wamemzika kwenye ukingo wa shamba lake, jembe likiwa bado na udongo. Siku ya mgao katekista alisoma jina, akangoja kama kawaida yake. Majina ya Buleusa ya juu yake yalikuwa misalaba mitupu, na jirani anayemfuata aliniachia mimi, maana miezi miwili mimi ndiye niliyemwitikia. Mzee akanigeukia.

"Amepumzika," nikasema.

Nikaweka msalaba. Kidole kikasogea kwa anayefuata, jirani aliyebaki na wale wajukuu. Akaitika, akapokea maharagi yake. Kitu changu hakikumruka mtu hata mmoja siku ile.