Mahali pa Majivu

Niliacha shule darasa la saba na tangu hapo sijatulia mahali. Nimekata miwa Mumias, nimevuna mahindi ya watu Lumakanda, nimelinda lango la nyumba ya wageni mjini Kakamega. Kila nilikokwenda nilisoma nilichopata, hata gazeti lililofungiwa nyama. Kwa hiyo mama alipoanza kusahau, nilirudi nyumbani Shinyalu nikiamini kwamba jambo hili limeandikwa mahali, na lililoandikwa lina dawa.

Nilikuwa na sababu ya haraka. Kabla yangu mama alizaa msichana, akafa hata meno hajaota. Baba alimzika nyuma ya nyumba, bila msalaba wala simiti. Baba naye ameshakwenda. Tangu nikiwa mdogo mama alisema siku yake ikifika tumlaze kando ya mtoto huyo, lakini hakuwahi kunionyesha mahali, nami sikuwahi kuuliza. Sasa nikauliza. Alitazama migomba, akatazama shamba, akasema atanionyesha kesho.

Nikaanza kazi. Nilipunguza sukari kwenye chai yake, tukanuniana wiki nzima. Nilimpikia mboga ya mrenda na dagaa wa omena, nikamlaza mapema. Kila asubuhi tulitembea hadi barabara ya Khayega, na njiani nilimtaka anitajie mbegu zote alizowahi kupanda. Jirani yetu, mwanamke wa rika lake, alitungoja kwenye ua wake.

"Leo unapelekwa mnada?"

"Nani atanunua?" mama akamjibu. "Meno yenyewe yamebaki matatu."

Nilicheka, nikidhani tunashinda.

Kisha nikasoma kwamba moshi wa kuni unadhuru ubongo. Nikanunua mtungi mdogo wa gesi, nikabomoa jiko lake la udongo, nikang'oa mafiga na kuyajaza kwenye shimo la njiani ili asijikwae. Mama alisimama akiangalia. Aliuliza majivu yatatoka wapi. Nikamwambia majivu yamekwisha, apumzike. Nilijivunia jibu hilo. Mvua ilipokaribia nikakodi ng'ombe, tukalima nyuma yote ya nyumba mpaka kwenye migomba, tukapanda.

Mahindi yalikuwa yamefika magotini jirani yule alipokuja kuketi nasi. Mama aliposinzia, jirani aliniuliza siku hizi mama anampelekea mtoto nini, kama majivu hakuna. Sikuelewa. Akanieleza polepole, kama jambo linalojulikana na kila mtu: tangu msiba ule, kila asubuhi mama alizoa majivu ya jana kwa kipande cha bati, akaenda nyuma, akayamwaga pale alipolala mtoto. Baba alikuwa akimgombeza kwamba choo kinayahitaji kuondoa harufu. Hakuacha. Mimi nilidhani anayatupa tu. Jirani alimwona akienda na akirudi, lakini mahali penyewe hakupajua, migomba ilimficha.

"Nilidhani wewe ndiye uliyemkataza," akasema.

Nikachimbua mafiga njiani, nikayapanga uani, nikawasha kuni. Asubuhi nilimpa mama majivu juu ya bati. Alitoka vizuri, kwa hatua za mtu anayejua aendako, mpaka kwenye kona ya nyumba. Hapo akasimama.

"Baba," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita, "hii nilikuwa namwaganga wapi?"

Nilitazama mahindi. Nilitafuta hata shina moja lililonawiri kuliko mengine, au udongo wenye rangi ya kijivu. Jembe la ng'ombe lilikuwa limechanganya kila kitu. Mama alikuwa bado amesimama, majivu yakipeperuka kidogo kidogo. Nikanyoosha kidole tu, mahali fulani karibu na mgomba wa mwisho. Akaenda, akamwaga, akainama kidogo kama anayesalimia, akarudi.

Sasa huenda pale kila asubuhi, hata kukiwa na mvua. Jina langu humpotea, siku za wiki humpotea, lakini pale hapakosi. Katika yote niliyomfundisha, hilo pekee limekaa, na ni uongo wangu. Juzi alinishika mkono, akanipeleka mwenyewe mpaka kwenye mgomba wa mwisho, akanionyesha ardhini mahali tutakapomlaza.